Kamba na Muhogo

Kidawa Jecha alikuwa mwanamke wa kwanza wa Makunduchi kukaa nyuma ya meza yenye droo. Meza yenyewe ilitoka katika nyumba moja ya mjini ambayo wenyewe waliiacha mwaka wa sitini na nne, na ililetwa juu ya lori la mchanga, imefunikwa gunia. Wanawake walikuja kuitazama. Mmoja wao aliivuta droo, akaifunga, akaivuta tena, kisha akauliza inawekwa nini humo. Kidawa akamwambia bado hajajua.

Alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanakheir, baada ya mama yake kufariki. Aliolewa mapema na mapema akaachika. Aliporudi nyumbani hakufanya tanga. Alishika jembe asubuhi na kamba jioni kama wanawake wote wa upande ule. Kitu kimoja tu kilimtenga na wenziwe: alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Kwa hiyo watu wa tawi la chama walipotakiwa kupeleka mwanamke mmoja mjini kusomea uongozi wa biashara, jina lake lilipita bila ya ubishi.

Masomo yalifanyika Malindi, mtaa wa mjini Unguja, katika chumba cha juu cha ghala kuukuu karibu na bandari, harufu ya mbata ikipanda kutoka chini mpaka ikaingia nguoni. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwembamba, aliyeandika ubaoni kwa haraka na kufuta kabla watu hawajamaliza kunakili. Mengi aliyoyasema yalimpita Kidawa. Lakini siku moja alisimulia habari za fundi cherehani aliyekuwa akienda kisimani mwenyewe ili asimlipe mchota maji. "Fundi huyo anadhani maji yale kayapata bure," mwalimu alisema. "Yamemgharimu suruali ambayo hakuishona. Gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate."

Kidawa alimfikiria shangazi yake. Alimuona ameinama katika konde la mawe, akipanda muhogo kwenye vishimo vya udongo visivyotosha hata kuzikia paka, akiwafukuza nguruwe, akipalilia, akingoja karibu mwaka mzima. Na mwanamke huyohuyo alikuwa na vidole ambavyo kusini yote ya Unguja hakukuwa na mfano wake kwa kusokota kamba. Kila jembe aliloliinua shangazi lilikuwa ni kamba ambayo haikusokotwa. Kidawa alishangaa vipi jambo lililo wazi kiasi kile halikuonekana na mtu yeyote kwao.

Mwalimu aliongeza kwamba fundi akae cherehanini ikiwa tu suruali zina mnunuzi na maji yana muuzaji. Hayo nayo Kidawa aliyasikia. Baadaye, watu waliposema kuwa alisoma nusu, yeye mwenyewe alikataa. Alisema alisoma yote.

Alirudi Makunduchi mwaka wa sitini na saba, akapewa kituo cha kamba. Kilikuwa banda la makuti karibu na pwani, pamoja na ile meza. Shirika moja la serikali mjini lilikuwa likinunua kamba kwa ajili ya bandari na vyombo, na likitaka nyingi kuliko zilizopatikana.

Kazi ya kamba ilikuwa na desturi yake. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake pwani, pale maji yanapotoka, alipofukia makumbi ya nazi na kuyakandamiza kwa mawe. Yakishaoza baada ya miezi, aliyafukua, akayapiga kwa rungu mpaka usumba, yaani nyuzi zake, ukatoka safi, akauanika, akausokota. Yote hayo aliyafanya mtu mmoja, mwenyewe na wanawe, katika nafasi aliyoipata baada ya konde na jiko. Kidawa alikaa nao siku nyingi akitazama nani ana mkono wa nini. Kisha akawagawa. Wenye nguvu za mgongo wafukie na kufukua. Wenye mikono mizito wapige. Wenye vidole wasokote. Mkubwa wa wasokotaji alikuwa Bi Time, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache, ambaye hata shangazi Mwanakheir alimkubali.

Miezi michache ilitosha kuonyesha. Kamba ziliongezeka maradufu na zaidi, na zilikuwa nzuri. Lori la shirika lililokuwa likija mara moja kwa msimu likaanza kuja kila mwezi. Hapo ndipo Kidawa alipofanya hesabu yake kubwa. Kila mvua zilipokaribia, banda lilikuwa tupu. Watu wote walikuwa makondeni. Akalinganisha kile ambacho mwanamke angepata kwa kusokota siku zile na kile ambacho muhogo wake ungemletea mwaka ukipinduka. Kamba ilikuwa mbele, tena kwa mbali. Kwa pesa za kamba mtu angenunua mchele dukani na kubakiwa na cha kanga.

Kabla ya kuwaambia wenziwe alipanda basi hadi mjini kumuona mkuu wa ununuzi wa lile shirika, Bwana Msabah. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyemkaribisha kila mtu kwa kahawa. Kidawa akamuuliza, ikiwa wanawake wa Makunduchi wataacha kulima wafanye kamba tu, shirika litaendelea kununua? Bwana Msabah akacheka kidogo.

"Bi Kidawa, wewe lete. Bandari haitaacha kufunga meli."

Kidawa aliona neno lile linatosha. Alirudi na basi la mchana.

Hakuna aliyelazimishwa. Hilo nalisema kwa sababu baadaye lilisemwa vyengine. Kidawa aliwakusanya bandani akawaeleza kwa mfano wa fundi cherehani, akasema atakayetaka kulima na alime, lakini nafasi bandani atapewa anayekuja kila siku. Wa kwanza kukubali alikuwa shangazi yake. Bi Mwanakheir alisema mgongo wake umeinama kwa ajili ya muhogo tangu hajavunja ungo, na kama kuna mtu wa kumnusuru na jembe basi Mungu ambariki. Watu walicheka, wakajiandikisha. Mvua za mwaka ule zikanyesha, na wengi hawakwenda konde.

Kulikuwa na miaka miwili ya neema. Nyumba kadhaa zilivuliwa makuti zikaezekwa bati. Bi Time alinunua redio, na magharibi watu walikaa uwanjani kwake kusikiliza taarabu. Mchele uliliwa hata siku zisizo za sikukuu. Shangazi Mwanakheir alinenepa, na alipoamkiwa shikamoo na watoto aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mjini Kidawa aliitwa kwenye mkutano mmoja akasimamishwa mbele ya watu, akapigiwa makofi, akaulizwa siri yake. Alitaja suruali za fundi.

Mwanamke mmoja hakuingia bandani. Aliitwa Khamisa, mjane, umri wa kumzaa Kidawa. Mkono wake wa kulia ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya. Vidole viwili havikukunjika. Asingeweza kusokota, na rungu lilimshinda. Jembe aliliweza kwa namna yake mwenyewe, akilibana kwapani. Yeye aliendelea kulima.

Sasa, makonde ya huko hayakuwa ya mtu mmoja mmoja kama mtu anavyoweza kudhani. Yalikuwa ndani ya ukuta mmoja mrefu wa mawe, uliowekwa kuzuia nguruwe, na kila mwenye konde alikuwa na kipande chake cha ukuta cha kutunza. Jiwe likianguka, mwenye kipande alilirudisha. Wanawake walipoacha kulima waliacha na vipande vyao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu hatunzi ukuta wa mahali asipokwenda. Mawe yakaanguka, magugu yakapanda, na nguruwe wakapata njia.

Khamisa alijaribu kuziba peke yake. Aliziba huku, wakaingia kule. Alilala kondeni akipiga debe. Mwishowe alikwenda bandani, akasimama mbele ya ile meza, akamwambia Kidawa kuwa hataki msaada wa kulima, anataka ukuta tu. Kama wale waliouacha wangekwenda pamoja siku chache, kila mmoja kipande chake, ungesimama.

Kidawa alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Shirika lilikuwa limeagiza kamba nyingi kuliko siku zote, na lori lilikuwa njiani. Akamueleza Khamisa, taratibu, kama alivyoelezwa yeye Malindi: kuwatoa watu wote bandani kwa siku zile ni kupoteza kamba ambazo thamani yake inapita muhogo wote uliomo ndani ya ukuta. Hesabu haikubali. Bora Khamisa auache muhogo ule, na kituo kitamtafutia kazi ya kufagia banda.

"Kufagia," Khamisa alisema.

"Utalipwa, Bi Khamisa. Kuliko hasara ile."

Khamisa akasema ahsante, akaenda zake. Hakurudi kufagia. Baada ya wiki chache nguruwe walimaliza kazi kwa usiku mmoja. Asubuhi konde lilikuwa limepinduliwa kama lililolimwa kwa trekta. Alikaa miezi kadhaa kwa kula kwa huyu na huyu, kisha kaka yake aliyekuwa akikaa Mtoni, kwenye njia ya Bububu, akaja kumchukua. Kituoni siku ile walikuwa wakipakia lori. Wengine waliinua mikono kumuaga.

Mwaka wa sabini na moja mchele ulianza kugawiwa kwa kipimo. Mwanzo watu walidhani ni jambo la mwezi mmoja. Kisha unga wa ngano ukaadimika, sukari nayo ikafuata, na foleni za mjini zikasikika mpaka shamba. Pesa za kamba zilikuwepo mfukoni, hazikuwa na kazi. Bi Time alikwenda dukani na noti akarudi na noti ileile.

Halafu lori halikuja. Kidawa alingoja, akapeleka habari kwa dereva wa basi, akangoja tena. Kamba zilijaa banda zikawekwa nje, zikafunikwa makuti. Akaenda mjini mwenyewe.

Bwana Msabah alimkaribisha kwa kahawa isiyo na sukari, akaomba radhi kwa hilo. Hakuficha kitu. Kamba za nailoni zilikuwa zimeingia, nyengine kwa mkopo na nyengine msaada, rahisi, nyepesi, hazilowani wala hazikatiki. Bandari haikutaka tena za makumbi. Kidawa akamkumbusha neno lake. Akamwambia kuwa kule kuna wanawake arubaini na zaidi ambao hawana hata mche wa muhogo, kwa sababu yeye Kidawa aliwaambia waache, na aliwaambia kwa sababu aliambiwa pale pale.

Bwana Msabah hakukasirika. Alikizungusha kikombe chake.

"Mimi na wewe tumesoma mambo mamoja, Bi Kidawa," alisema. "Hebu kaa wewe kwenye kiti hiki. Mbele yako kamba mbili, moja ghali na dhaifu, moja rahisi na imara. Utanunua ipi?"

Kidawa alitafuta jibu katika yote aliyofundishwa, na kila alichokipata kilikuwa upande wa Bwana Msabah. Angenunua nailoni. Tena angeinunua mapema zaidi.

Alipoinuka kuondoka yule bwana alimpa karatasi yenye muhuri aende nayo kwenye ghala moja, mlango wa nyuma. Alisema ni mchele kidogo tu, wa kwake na mzee wake, na asimwambie mtu. Kidawa alisimama nje barabarani na ile karatasi mpaka ikaloa jasho. Mchele ule ukigawiwa watu wa banda, kila nyumba ingepata ukufi tu wa mkono. Alikwenda ghalani.

Ulipikwa nyumbani kwa shangazi, mlango umefungwa na chini yake pamezibwa kwa nguo. Lakini mchele una harufu, na siku zile pua za watu zilikuwa kali. Bi Mwanakheir alikula bila ya kuinua uso. Alipomaliza alisema, "Mwanangu, siku nyengine usilete," akaenda kuosha sufuria kabla halijapoa. Asubuhi Kidawa alipopita kwa Bi Time alitoa salamu, na Bi Time aliitikia kwa midomo tu, akaendelea kuchambua majani ya kunde.

Wanawake walirudi makondeni kwa sababu hapakuwa na pahala pengine pa kurudi. Walikuta msitu. Miche ya kupandia hawakuwa nayo, kwa kuwa mbegu ya muhogo ni muhogo wa mwaka uliopita, na mwaka uliopita hakuna aliyepanda. Walitembea hadi vijiji vya mbali kuomba miche, wakapewa kidogo na maneno mengi. Waliyoipanda kwanza ililiwa na nguruwe. Watu walikula mapapai mabichi ya kuchemsha, walikula chaza na kombe mpaka pwani ikabaki mawe. Hakuna aliyekufa kwa njaa hasa. Hilo nalo ni kweli. Lakini kwa Bi Time mtoto wa binti yake alizaliwa mdogo na hakukua, na msimu wa vuli akazikwa. Bati la nyumba ile liliuzwa, na redio nayo.

Kidawa hakukimbia. Alikwenda kondeni pamoja nao, na hawakumfukuza. Walimpa nafasi ya kupita njiani, wakaacha kusema alipokaribia, wakaanza tena alipopita. Shirika lilikifunga kituo mwaka wa sabini na mbili. Meza ikachukuliwa. Kamba zilizobaki walizigawana, wakazitumia kuwamba vitanda, na nyengine zikaoza.

Mwaka uliofuata wanawake waliamua kuusimamisha ukuta. Walikutana kwa Bi Time na kugawana vipande upya, kwa kuwa mipaka ya zamani ilikuwa imepotea ndani ya magugu. Kidawa alipata habari kwa shangazi yake, akaenda ingawa hakuitwa. Alikaa mwisho wa jamvi. Vipande vilipokwisha kutajwa na jina lake halikusikika, aliuliza kama hakuna kipande chake.

"Vishagawiwa," Bi Time alisema.

Kidawa akasema kimebaki kile cha upande wa mlango wa ng'ombe, kile cha Bi Khamisa. Mwenyewe hayupo, basi angekishika yeye.

"Kile tunamwekea mwenyewe," alijibu Bi Time, akaendelea na mazungumzo mengine.

Kidawa aliona kuwa angalau habari hiyo inafaa kumfikia mwenyewe. Alipanda basi la asubuhi hadi mjini, akapanda jengine la Bububu, akateremka Mtoni na kuuliza nyumba. Khamisa alikuwa ukumbini akichambua mchicha, amekonda, mkono mbovu ameukalia.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Akamsogezea kibao. Waliulizana hali za watu, mmoja mmoja, mpaka zikafika habari za mjukuu wa Bi Time. Kidawa akamwambia kuwa ukuta unajengwa na kipande chake kimewekwa. Khamisa akatikisa kichwa. Alisema amefurahi, lakini hatarudi. Jembe lishamshinda, na huko angemlilia nani. Kisha Kidawa akasema lile lililomleta hasa, kwamba siku ile ilimpasa kuwatoa watu bandani, na kwamba anaomba radhi.

Khamisa aliendelea kuchambua. Alipojibu hakuwa na hasira.

"Ungenambia hutaki, ningeondoka yakaisha. Watu hukataliwa. Lakini wewe ulinikalisha kitini ukanifundisha, na mimi nkakaa nkakusikiliza, nkarudi njia nzima nikijiona mjinga. Konde lilipoliwa nlisema mwanangu Kidawa kasema kweli, lilikuwa halina thamani. Mpaka leo sijui kosa lilikuwa wapi katika yale maneno yako. Lilikuwa wapi?"

Kidawa alitaka kumwambia. Alijua sasa, au alidhani anajua: kwamba ukuta ule aliupimia kwa muhogo wa mtu mmoja, na ulikuwa ni wa watu wote, wa siku ambayo duka halina kitu. Lakini alipokusanya maneno aliyaona yamekaa kama somo, na yeye amekaa tena kama mwalimu, na mwenziwe ana mchicha mapajani.

"Sijui, Bi Khamisa," alisema.

Kutoka ndani sauti changa ya mke wa kaka yake iliita jina la Khamisa, bila ya Bi. Maji yalikuwa hayajatekwa.

"Naam," Khamisa aliitika. Akaweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, akachukua ndoo kwa mkono mzima. Alimwambia mgeni angoje, atanywa chai. Kidawa alikaa kidogo pale ukumbini. Halafu akaumalizia mchicha uliobaki, akaufunika ungo kwa kawa, akatoka kwenda barabarani kungoja basi.